Kifurushi cha Distro Nyingine Kikigoma Kwenye Mashine Yako

Alhamisi moja baada ya alasiri, Maalim wa madrasa moja kule Kisauni alipanda ngazi hadi karakana yangu hapa Mwembe Tayari, laptopu kwapani, na nyuma yake kijana amebeba printa. Mitihani ya watoto ilikuwa Jumamosi asubuhi. "Mwanangu," akaniambia hata kabla hajaketi, "programu imeingia vizuri, haikulalamika. Lakini nikiiamuru ichape, kazi inaingia foleni kisha inasimama. Karatasi haitoki hata moja."

Laptopu ilikuwa na Debian 12, mojawapo ya distro, yaani mifumo ya Linux iliyofungashwa tayari kutumika. Draiva ya ile printa ilitolewa kwa umbo la rpm peke yake, yaani kifurushi cha upande wa Red Hat, Fedora na openSUSE. Mpwa wake Maalim alikigeuza kuwa deb, umbo la Debian na Ubuntu, kwa programu iitwayo alien, akakisakinisha, kikapokewa bila neno.

Kisa hiki nitakieleza kwa kirefu, maana hunijia mara kwa mara kwa sura tofauti. Kifurushi huja na matarajio ya mfumo kilikojengwa: maktaba fulani, za toleo fulani, kwenye folda fulani. Kazi yako ni kujua kinatarajia kukuta nini, kisha kukipatia hicho kutoka ghala (hazina ya vifurushi mtandaoni) la mfumo wako mwenyewe. Ukianza kuung'oa mfumo wake na kuuleta kwako kipande kipande, utaishia kuharibu wako.

Kifungue kwanza uone

Faili ya deb ni jalada la aina ya ar lenye vitu vitatu: debian-binary inayotaja toleo la umbo lenyewe, control.tar yenye maelezo na skripti, na data.tar yenye programu. Faili ya rpm ina maelezo mbele, na nyuma yake jalada la cpio. Programu iliyomo ndani haijui ilifungwa kwa njia gani. Kinachotofautiana ni majina ya vitegemezi (vifurushi vingine ambavyo programu inavihitaji), mahali pa kuweka faili, matoleo ya maktaba (zile faili za .so ambazo programu nyingi huzitumia kwa pamoja), na skripti zinazoendeshwa wakati wa kusakinisha. Yote hayo unaweza kuyasoma bila kusakinisha chochote:

    dpkg -I kifurushi.deb
    dpkg -c kifurushi.deb
    rpm -qpR kifurushi.rpm
    rpm -qp --scripts kifurushi.rpm

Mbili za juu ni za deb: ya kwanza inaonyesha maelezo na vitegemezi, ya pili inaorodhesha faili. Mbili za chini ni za rpm. Amri ya rpm inapatikana hata kwenye Debian na Ubuntu, nami naitumia kusoma tu. Usiitumie kusakinisha huko, kwa sababu dpkg, kisakinishi cha deb, haitajua kilichoingia, na siku moja itaandika juu yake.

Na kabla ya hayo yote, piga `apt search` na jina la programu. Nimeshawaona watu wamehangaika na rpm siku nzima kumbe programu ile ile imo ghalani mwao, ikisubiri.

Kimeingia kimya, lakini hakifanyi kazi

Hili ndilo la Maalim. Ukurasa wa CUPS, mfumo wa kuchapa wa Linux, ulikuwa umeandika "Filter failed" mbele ya kila kazi. Filta ni programu ndogo inayotafsiri ukurasa kuwa lugha ya printa, na hukaa ndani ya /usr/lib/cups/filter. Nikaiangalia: ipo. Nikaiendesha kwa mkono, nikajibiwa:

    No such file or directory

Faili naiona kwa `ls`, ina ruhusa ya kuendeshwa, na mashine inasema haipo. Jibu hili huwachanganya wengi, lakini lina maana moja mahususi. Faili isiyopatikana si ile uliyoiita. Ni kipakiaji chake, ile programu ya mfumo inayozifungua maktaba kabla programu haijaanza. Nikauliza aina yake:

    file /usr/lib/cups/filter/jina-la-filta

Ikajibu "ELF 32-bit LSB executable, Intel 80386", na mbele kidogo "interpreter /lib/ld-linux.so.2". Programu ya biti 32 ndani ya mfumo wa biti 64 usio na hata maktaba moja ya biti 32. Kipakiaji kile hakikuwepo kweli. Hata `ldd`, amri inayoorodhesha maktaba za programu, hapo huishia kusema "not a dynamic executable", jambo ambalo nalo si kweli.

Basi ilikuwaje kifurushi kikapokewa? Jina la ile rpm liliishia na i386, yaani biti 32. alien ikikutana na hali hiyo kwenye mashine ya amd64 (biti 64) hukataa: inasema kifurushi ni cha i386 na hakiwezi kujengwa kwenye mfumo huu. Mpwa wa Maalim alitafuta njia, akaongeza `--target=amd64`, alien ikanyamaza. Chaguo hilo hubadilisha maandishi ya kwenye lebo tu. Kilichomo ndani kinabaki vilevile, na dpkg huamini lebo.

Dawa yake ilikuwa mistari mitatu:

    sudo dpkg --add-architecture i386
    sudo apt update
    sudo apt install libc6:i386

Baada ya hapo `ldd` ikaanza kusema kweli, ikatuonyesha libstdc++.so.6 nayo haionekani. Tukaongeza `libstdc++6:i386`. Nikamwambia Maalim ajaribu. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, na ukurasa wa kwanza wa mtihani wa fiqhi ukatoka. Maalim akaushika kwa pembe zake mbili, akausoma wote kwanza, ndipo akasema alhamdulillahi.

Nyongeza kwa wanaogeuza draiva za printa: CUPS hukataa filta ambayo mwenyewe si root (msimamizi mkuu wa mfumo) au ambayo kila mtu anaweza kuiandikia. Endesha alien kwa `sudo` au kwa `fakeroot`, ili umiliki wa faili usiharibike.

Jambo jingine la alien ambalo halisemwi vya kutosha: haitafsiri orodha ya vitegemezi ya rpm. Fedora ina majina yake na Debian ina yake, na hakuna kamusi kati yao. Kwa hiyo deb inayotoka alien inaweza kusakinishwa bila kudai kitu ambacho kwa kweli inakihitaji sana. Ukigeuza, chukua ile orodha ya `rpm -qpR` uipitie mwenyewe mstari kwa mstari.

Toleo la GLIBC halikupatikana

    /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6: version `GLIBC_2.34' not found

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo mashine huuawa.

glibc ni ile maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu ya Linux ya kawaida inaitegemea. Inabeba mizigo ya zamani: programu iliyojengwa juu ya glibc ya miaka iliyopita hufanya kazi juu ya ile mpya. Kinyume chake hakiwezekani. Ujumbe huo una maana kwamba kifurushi kimejengwa kwenye mfumo mpya kuliko wako. Debian 11 ina glibc 2.31, Ubuntu 22.04 ina 2.35, Debian 12 ina 2.36, na Ubuntu 24.04 ina 2.39. Kuona yako, andika `ldd --version`. Kuona programu inataka ipi:

    objdump -T programu | grep -o 'GLIBC_2\.[0-9]*' | sort -Vu

Namba ya mwisho ndiyo kiwango cha chini inachokubali.

Wazo linalomjia kila mtu ni kuichukua libc6 ya kule na kuiweka huku. Nami lilinijia, mwaka 2021, nikiwa na mashine ya ofisi moja ya mawakala wa forodha karibu na Kilindini. Ilikuwa Debian 10, glibc 2.28, na programu yao ilidai GLIBC_2.29. Nikapakua libc6 ya Ubuntu 20.04, nikaisukuma kwa `dpkg --force-all -i`. Katikati ya kazi skrini ikaandika:

    perl: error while loading shared libraries: libcrypt.so.1: cannot open shared object file

Nikaita `sudo`: imekufa. Nikafungua dirisha jingine niingie upya: neno la siri sahihi likakataliwa. Perl haifanyi kazi, na skripti nyingi za vifurushi vya Debian zinaitegemea, kwa hiyo hata kurudi nyuma nisingeweza.

Chanzo nilikielewa baadaye. Kwenye Debian 10, libcrypt.so.1 ilikuwa ndani ya kifurushi cha libc6. Kwenye ile ya Ubuntu 20.04 ilishatengwa, ikawa kifurushi chake chenye jina libcrypt1. dpkg ilipoweka libc6 mpya ikaziondoa faili za ile ya zamani, libcrypt ikiwemo, na mimi kwa `--force-all` nilikuwa nimeiamuru isijali kwamba mbadala wake haupo. Hesabu ya neno la siri inapita kwenye maktaba hiyo, ndiyo maana milango yote ilifungwa kwa pamoja.

Kama wewe uko hapo sasa hivi, usizime kwa hasira na usiweke mfumo upya. Data yako ipo. Washa mashine kwa fleshi yenye Linux inayojiendesha yenyewe, unganisha diski yako kwenye /mnt, pakua kifurushi cha libcrypt1 cha distro ile uliyochukulia libc6, kisha:

    dpkg-deb -x libcrypt1_*.deb /tmp/x
    find /tmp/x -name 'libcrypt.so*'
    cp -a /tmp/x/lib/x86_64-linux-gnu/libcrypt.so* /mnt/lib/x86_64-linux-gnu/

Ukiingia ndani ya mfumo wa diski hiyo kwa `chroot /mnt`, perl itafufuka, na hapo utaweza kurudisha libc6 ya distro yako kwa `dpkg -i`. Mimi nilimaliza baada ya isha, wenye ofisi wakinisubiri mlangoni na funguo mkononi.

Njia za halali ni hizi. Tafuta toleo la zamani kidogo la programu hiyo hiyo, kwani watengenezaji wengi huacha matoleo yao ya nyuma yakiwa wazi. Angalia ghala la backports la Debian, lenye programu mpya zilizojengwa kwa Debian ya zamani. Panga siku ya kuupandisha mfumo wote. Au uendeshe programu ndani ya kontena, mfumo mdogo uliotengwa ndani ya mfumo wako, ambayo nitaifikia chini.

Wanaotumia Alpine, kwenu hakuna glibc kabisa. Alpine imejengwa juu ya musl, maktaba nyingine ya msingi, na programu ya glibc itawapa ile ile "No such file or directory" ya printa ya Maalim. Kontena ndiyo njia fupi.

Kitegemezi hakisakinishiki

Kwanza tofautisha `dpkg -i` na `apt install`. dpkg huweka kifurushi na kulalamika, haitafuti kitu. Ukiandika

    sudo apt install ./kifurushi.deb

huku ukizingatia ile nukta na mkwaju, apt itasoma vitegemezi na kuvileta kutoka ghalani. Kama ulishatumia dpkg na mambo yamening'inia, `sudo apt --fix-broken install` humaliza. Lakini isome orodha kabla ya kujibu ndiyo: wakati mwingine "kurekebisha" kwake ni kukiondoa kifurushi chako, au kung'oa nusu ya dawati lako.

apt ikisema kitegemezi "is not installable", jina hilo halimo ghalani mwako. Hapo kuna sababu mbili ninazokutana nazo zaidi.

Ya kwanza ni libssl1.1. Ubuntu 22.04 na Debian 12 zote zimehamia OpenSSL 3, na ile 1.1.1 iliacha kupewa marekebisho ya bure na watengenezaji wake tarehe 11 Septemba 2023. Watu huunda kiungo, libssl.so.1.1 ielekee libssl.so.3, wakidhani ni jina tu. Programu hujibu kwamba toleo OPENSSL_1_1_0 halikupatikana, na ina haki: ndani ya maktaba kuna alama za toleo ambazo kiungo hakiwezi kuzighushi. Sipendi pia kuirudisha libssl1.1 kwenye mfumo wa mteja. Ni maktaba ya usiri wa mawasiliano. Haifai kubaki bila viraka kwenye mashine inayoingia benki. Omba toleo jipya la programu.

Ya pili ni majina yenye t64. Ubuntu 24.04 na Debian 13 zilibadilisha namna ya kuhesabu wakati kwenye mifumo ya biti 32 isiyo ya i386, ili isikwame mwaka 2038, na katika hama hama hiyo vifurushi vingi vya maktaba vikapewa mkia: libasound2 ikawa libasound2t64, libgtk-3-0 ikawa libgtk-3-0t64. Kwenye amd64 maktaba yenyewe haikubadilika, na kifurushi kipya hujitangaza pia kwa jina la zamani, kwa hiyo deb nyingi bado hupita. Mwongozo wa zamani ukikuambia usakinishe libasound2 na apt ikajibu kwamba hicho ni kifurushi cha kufikirika, andika jina lenye t64.

Na ikisema "package architecture (arm64) does not match system (amd64)", umepakua cha prosesa nyingine. Rudi ukachukue kinachofaa.

Maktaba ipo, lakini programu haiioni

Fedora huweka maktaba za biti 64 ndani ya /usr/lib64. Debian na Ubuntu huziweka /usr/lib/x86_64-linux-gnu. Kifurushi kilichogeuzwa huja na tabia za kwao, kinamwaga maktaba zake /usr/lib64, mahali ambapo mfumo wako kwa kawaida hauangalii. Jaribu:

    ldd /opt/programu/bin/programu | grep 'not found'

Kama huiamini programu yenyewe, usitumie ldd, maana inaweza kuishia kuiendesha. Tumia `objdump -p programu | grep NEEDED`. Kisha `dpkg -L` na jina la kifurushi itakuonyesha faili zilitua wapi. Ukiikuta maktaba, ijaribu kwa programu hiyo moja kwanza:

    LD_LIBRARY_PATH=/usr/lib64 /opt/programu/bin/programu

Ikifanya kazi, tengeneza skripti fupi yenye mstari huo na uiite hiyo kila siku. Unaweza kuandika njia hiyo ndani ya /etc/ld.so.conf.d/ na kupiga `sudo ldconfig`, lakini hapo umeifungulia kila programu kwenye mashine, na maktaba ya ugenini yenye jina linalofanana inaweza kuwahi kabla ya yako. Mimi hufanya hivyo pale tu ambapo skripti haiwezekani.

Mengine ya haraka

"uses unknown compression for member 'control.tar.zst'": Ubuntu ilianza kubana vifurushi kwa zstd kuanzia 21.10, na dpkg ya Debian 11 haiijui. Debian 12 inaifahamu. Kwenye mashine ya zamani kifungue kwa `ar x`, bandua kila tar.zst kwa `zstd -d`, ibane tena kwa `xz`, kisha ifunge kwa `ar r` ukianza na debian-binary, halafu control, halafu data. Mpangilio huo ni lazima.

"trying to overwrite ... which is also in package": vifurushi viwili vinagombea faili moja. Kwa kawaida ni programu ile ile kwa jina tofauti. Ondoa ya kwanza. Usitumie `--force-overwrite` kabla hujajua faili hiyo ni ya nani, na `dpkg -S` itakuambia.

Skripti inayolalamika kwamba chkconfig haipo: hiyo ni amri ya Red Hat ya kuwasha huduma. alien kwa kawaida huziacha skripti nje, isipokuwa umeandika `--scripts`. Geuza bila chaguo hilo, kisha uwashe huduma mwenyewe kwa `systemctl enable --now`.

AppImage (programu iliyofungwa yote kwenye faili moja) inayotaja libfuse.so.2: sakinisha libfuse2, ambayo kwenye Ubuntu 24.04 ina jina la libfuse2t64. Ukiwa na haraka, iendeshe na `--appimage-extract-and-run`.

Ghala la distro nyingine ndani ya sources.list

Hili linaonekana jepesi, na madhara yake huja polepole. Mtu wa Debian anaongeza PPA (ghala la nyongeza) ya Ubuntu, kwa kuwa zote ni deb na Ubuntu ilitoka tumboni mwa Debian mwaka 2004. Siku ya kwanza programu inaingia. Baada ya wiki anasasisha mfumo, na apt, ikiona namba kubwa zaidi kwenye ghala jipya, inaanza kubadilisha maktaba za msingi moja baada ya nyingine. Debian wenyewe wana jina la mashine kama hiyo: FrankenDebian.

Dalili ni vifurushi "held broken" visivyoisha. Angalia kila kitu kimetoka wapi kwa `apt policy`, toa mstari wa ghala hilo, piga `apt update`, kisha rudisha kila kilichobadilika kwa kutaja toleo lake, `apt install jina=toleo`. Historia iko /var/log/apt/history.log, nayo itakupa orodha kamili ya siku ile. Ni kazi ya kuchosha, lakini hufanikiwa.

Kikigoma kabisa

Kwa programu za kawaida za dirisha, ningekuambia uanze na Flatpak, umbo la vifurushi lisilofungwa na distro moja, kabla ya alien. Inakuja na maktaba zake, haigusi za mfumo. Bei yake ni bando: mara ya kwanza inavuta mfumo-saidizi wa mamia ya megabaiti, kwa hiyo mtu wa bando la siku asianzie nyumbani, aje na laptopu mahali penye waya.

Distrobox ndiyo ninayoipenda kwa kazi za ofisi. Inatumia podman, programu ya kuendesha kontena, kuunda Fedora nzima ndani ya Debian yako, ikiona folda zako na skrini yako:

    distrobox create --name fedora --image registry.fedoraproject.org/fedora:40
    distrobox enter fedora

Ndani yake unasakinisha rpm kwa `sudo dnf install ./kifurushi.rpm`, vitegemezi vinatoka ghala la Fedora lenyewe, na `distrobox-export --app` inaiweka programu kwenye menyu yako ya kawaida. Ile programu ya mawakala wa forodha ingekaa humo salama. Toleo la picha (ile `fedora:40`) badilisha uchukue lile ambalo bado linapewa marekebisho.

Draiva haziingii kwenye mpango huu. Filta ya printa lazima iwe pale CUPS inapoishi, na moduli ya keneli (kiini cha Linux) lazima ijengwe kwa keneli unayoiendesha. Kwa hizo tumia njia ya Maalim: `file`, `ldd`, na subira. Alipoondoka nilimwandikia nyuma ya karatasi moja iliyoharibika majina ya vifurushi vyote tulivyoongeza na `dpkg -l | grep i386`, iwapo siku moja atataka kuviondoa, akaikunja na kuiweka ndani ya kifuniko cha printa.